Paa la slabu huvujia kwenye maungio

Ndugu Mhariri,

Masika yamekwisha, na katika majengo mengi ya biashara ya Dar es Salaam ndoo bado zimetegwa kwenye korido, zinakinga maji yaliyobaki ndani ya zege. Huu ndio wakati mwenye jengo humwita fundi. Fundi hupanda juu na ndoo mbili za "dawa", anapaka alasiri moja, analipwa, anashuka. Vuli ikiingia Oktoba, maji yanarudi palepale. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kwa nini yanarudi, na kazi gani ifanyike sasa wakati jua lipo.

Paa tunalolizungumzia ni la zege bapa lililofunikwa kwa karatasi ya lami inayobandikwa kwa moto wa gesi, ile ambayo madukani huuzwa kwa jina la APP. Roli moja ina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Unene wake mara nyingi ni milimita 4, na katikati kuna kitambaa cha polyesta kinachoipa nguvu. Karatasi hiyo ikiwa nzima haipitishi maji. Kinachoachia ni maungio, pale roli moja inapoilalia nyingine. Paa la mita 20 kwa 20 lina karibu nusu kilomita ya maungio hayo. Ikinyesha mvua ya milimita 50, paa hilo linapokea lita 20,000, sawa na matangi mawili ya lita 10,000, na maji yote hayo yanapita juu ya maungio yakitafuta upenyo.

Ubovu mwingi huanza kabla gesi haijawashwa, kwenye karatasi ya makadirio. Kazi hii hulipwa kwa mita ya mraba. Roli ina mita za mraba 10 lakini haiwezi kufunika mita 10, kwa sababu mpishano, yaani ile sehemu roli moja inapoilalia nyingine, ubavuni usipungue sentimita 10, na ule wa kwenye ncha, mahali roli inapoishia na nyingine kuanzia, usipungue sentimita 15. Ukitoa hizo, zinabaki sentimita 90 kwa mita 9.85, yaani mita za mraba 8.9 hivi. Kwa hiyo paa la mita za mraba 400 linakula roli 46 sehemu ya bapa peke yake. Kupandisha karatasi kwenye ukuta wa ukingo, mita 80 kuzunguka paa, kunahitaji roli 4 nyingine. Jumla ni 50, kabla ya vipande vya kuzungukia mabomba. Sasa ukiletewa makadirio ya roli 44 kwa paa hilohilo, toa 4 za ukutani, uone kilichobaki: roli 40, mita 400 kamili. Hakuna hata sentimita moja ya mpishano iliyonunuliwa. Fundi akifika juu atalazimika kuipata mahali, na ataipata kwa kupunguza mpishano hadi sentimita 4 au 5 na kwa kuacha ukuta bila kupandishwa vya kutosha. Tunawasihi wenye majengo wahesabu roli kabla ya kulinganisha bei. Bei ndogo hapa ina mahali ilipotoka.

Yapo makosa mengine yanayotokea juu kwenyewe, na kila moja lina alama yake. Ungio lililobandikwa kwa moto mdogo huonekana limeshikana, lakini ukingo wake hauna uzi wa lami uliochomoza. Ungio zuri lina uzi huo kwenye urefu wake wote, milimita 5 hadi 10, kwa sababu lami iliyoyeyuka sawasawa hubanwa ikatokeza nje. Pasipo na uzi, ingiza ncha ya bisibisi butu. Mara nyingi itazama, na ukifunua utakuta nailoni nyembamba ya chini ya karatasi ingali pale, haikuungua. Nailoni hiyo imewekwa kiwandani ili roli isijishike yenyewe. Isipoyeyushwa, karatasi mbili hukaa pamoja bila kuoana. Moto mkubwa nao unaharibu. Lami inakimbia, kitambaa cha polyesta kinaachwa wazi, na ukingo unasinyaa.

Halafu vumbi na maji. Zege lililofagiliwa asubuhi likaachwa hadi saa nane mchana lina vumbi tena. Pwani kuna umande, na roli iliyolala nje inaamka imelowa. Anayewasha moto saa kumi na mbili na nusu asubuhi anafungia unyevu ndani. Jua likipanda, unyevu ule unageuka mvuke, unatanuka, unainua karatasi. Hapo ndipo yanapotokea malengelenge, na lengelenge likiangukia kwenye ungio hulifungua. Mchana karatasi nyeusi hupata joto kali kuliko hewa iliyo juu yake, kisha mvua ya ghafla inaipoza kwa dakika chache. Kutanuka na kunywea huko ni kwa kila siku. Ungio lililoshikana nusu halihimili mwaka wa pili.

Kosa jingine ni la mwelekeo. Mwezeka makuti huanza chini akipanda juu, ili kuti la juu lilalie la chini na maji yateleze. Karatasi ya lami ni hivyohivyo. Roli ya kwanza hulazwa kwenye mdomo wa kutolea maji, mahali pa chini kabisa, ikikata mteremko, na kila roli inayofuata huilalia ile ya chini yake. Anayeanzia juu hutengeneza maungio yanayotazama maji yanakotoka, na kila tone linasukuma ukingo kama kidole kinachofunua ukurasa. Ncha za roli nazo zisikutane kwenye mstari mmoja. Ziachane angalau nusu mita. Pale karatasi tatu zinapokutana, kona ya ile ya katikati ikatwe mshazari, vinginevyo unabaki mwanya mdogo wa pembe tatu ambao lami haiujazi. Ni mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti tu, lakini kila ncha ya roli ina wake.

Kwa karatasi yenye chenga za mawe juu, mpishano wa ubavuni huachwa kiwandani bila chenga, lakini wa kwenye ncha unakuwa juu ya chenga. Lazima chenga zichomwe kwanza na kukandamizwa kwa mwiko wa moto hadi zizame ndani ya lami, ndipo karatasi ya pili ilazwe. Kubandika juu ya chenga kavu ni kubandika juu ya mchanga. Tungeulizwa ni kosa gani moja linalovujisha mapaa mapya kuliko mengine yote, tungetaja hili.

Sasa, kutafuta panapovuja. Doa la darini halikuonyeshi tundu la juu. Maji yakishaingia chini ya karatasi husafiri juu ya zege hadi yapate ufa au bomba la nyaya, na yanaweza kutokea mita kadhaa mbali na yalipoingilia. Pima kwanza doa lilipo kutoka kwenye kuta mbili za nje, upande juu, uweke alama ya chaki mahali hapohapo, kisha uanze kukagua kutoka hapo kuelekea mteremko unakopanda. Tembeza bisibisi butu kwenye kila ungio, taratibu, bila kuchokoa. Inapozama, chora mstari mwanzo na mwisho. Angalia hasa kona, mdomo wa kutolea maji, miguu ya matangi, na ukingo wa juu wa karatasi iliyopandishwa ukutani. Karatasi hiyo iwe imepanda angalau sentimita 15 juu ya paa, na ncha yake imechimbiwa ndani ya mfereji wa ukutani au kubanwa kwa ubapa wa alumini wenye skrubu. Ikiwa imebandikwa tu juu ya plasta, imekwisha kubanduka au inangoja, na maji yanayoshuka ukutani yanaingia nyuma yake moja kwa moja.

Pasipoonekana kitu, tumia mpira wa maji. Anzia chini, umwagie sehemu moja kwa nusu saa huku mtu mwingine akitazama dari, ndipo upande sehemu inayofuata. Ukimwagia paa zima kwa pamoja utajua kwamba linavuja, jambo ulilokuwa unalijua.

Ungio likishapatikana, lifunguliwe. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoogopa, maana kufungua kunaonyesha kazi ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Inua ukingo kwa mwiko hadi ufike mahali paliposhikana kwelikweli, upige brashi vumbi na matope, uache jua liingie. Kama chini kuna maji, usikimbilie moto. Fungua zaidi, kausha, na jioni funika kwa nailoni yenye vizito ili mvua ya usiku isirudishe kazi nyuma. Kujua kama zege limekauka, gundisha kipande cha nailoni ya sentimita 45 kwa 45 pande zote nne, ukiache saa 16. Ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi, bado.

Likiwa kavu, na mpishano ni wa sentimita 7.5 au zaidi, ungio linaweza kurudishwa lenyewe. Pasha karatasi ya juu na ya chini kwa pamoja, moto ukitembea daima, hadi lami ya pande zote mbili ing'ae na kuanza kuteleza. Kandamiza kwa rola ukitoka ndani kwenda ukingoni ili hewa itoke, halafu pitisha mwiko wa moto ukingoni. Uzi wa lami uonekane. Likipoa, jaribu tena kwa bisibisi.

Mpishano ukiwa mfupi kuliko hapo, au karatasi imeungua, usiirudishe. Weka kiraka cha karatasi ya aina ileile, upana wa sentimita 25, ungio likiwa katikati yake, na kipite mwanzo na mwisho wa ubovu kwa sentimita 15. Pembe zake zikatwe mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kunyanyuka. Kama paa la zamani lina rangi ya fedha au chenga, rangi ikwanguliwe na chenga zizamishwe kwanza. Lengelenge hukatwa kwa alama ya msalaba, masikio manne yanafunuliwa, panakaushwa na kubandikwa upya, kisha kiraka kinachozidi mkato kwa sentimita 15 kila upande. Lengelenge dogo lililo mbali na ungio na halivuji, liacheni. Kulitoboa ni kutengeneza tundu pasipokuwa na tundu.

Palipofunguliwa hadi kwenye zege panahitaji praima ya lami, yaani lami nyepesi inayopakwa kwanza ili karatasi ishike. Lita 1 inatosha mita za mraba 5 hivi, pungufu kidogo kama zege ni la kukwaruza. Ikauke hadi kidole kisigande. Tunalisisitiza hili kwa sababu mbili: praima mbichi haishiki, na praima mbichi inawaka.

Tusemeni pia juu ya vitu visivyofaa, ambavyo vinamwagwa mapaani kila mwaka. Silikoni haishiki kwenye lami. Inabanduka kama ngozi. Saruji au dawa ya unga inayochanganywa na saruji ni ngumu, na karatasi iliyo chini yake inacheza, hivyo inapasuka kufuata ungio lilelile. Rangi ya maji ya kuzuia uvujaji inaweza kusaidia paa lenye mteremko mzuri, lakini penye dimbwi hulainika na kutoka vipande. Isitoshe, zote hizo zinamharibia fundi atakayekuja kwa moto baadaye, kwa kuwa hawezi kubandika chochote mpaka azikwangue. Lami baridi ya kopo yenye kitambaa inakubalika kama kizuizi cha dharura mvua ikiwa inanyesha. Iandikwe kwenye daftari la jengo kwamba ni ya muda, pamoja na mahali ilipowekwa.

Maghala na maduka makubwa mapya yana karatasi nyeupe au ya kijivu ya plastiki, iliyochomelewa kwa hewa ya moto badala ya gesi. Huko bisibisi na chaki vinafanya kazi vilevile, ila marekebisho ni tofauti kabisa. Hakuna moto wa gesi, na hakuna lami kuigusa karatasi ya PVC, maana lami inaivuruga na kuifanya ikakamae. Mchomeleo uwe na upana wa sentimita 4 uliokamilika, karatasi kuukuu isafishwe sana kabla, na kazi apewe mwenye mashine na aliyeizoea.

Kuhusu moto hatuna utani. Mtungi usimame wima, mbali na mwali. Mpira na regyuleta zikaguliwe kwa povu la sabuni kila asubuhi. Vizimia moto viwili vya unga viwe karibu, na si chini ghorofa ya kwanza. Pasichomwe moto karibu na mbao, godoro la povu, mirija ya viyoyozi wala mdomo wa kuingizia hewa. Mwali ukizimwa, mtu abaki juu saa 1 nzima akitazama moshi, kwa kuwa cheche iliyoingia kwenye ufa huchelewa kujionyesha. Kazi inayomalizika saa kumi na moja jioni na watu wote kushuka saa kumi na moja na dakika tano haikufanywa kwa usalama.

Kuna paa ambalo viraka havilifai tena. Kama karibu robo ya maungio uliyoyapima yanafunguka, au zege limelowa sehemu nyingi, kiraka cha leo kitafuatiwa na cha kesho. Tazama pia madimbwi. Maji yaliyotuama saa 48 baada ya mvua yanasema mteremko haupo. Mteremko wa chini unaofaa ni 1 kwa 80, sentimita 1.25 kwa kila mita. Maji yanayosafiri mita 10 yanahitaji kushuka sentimita 12.5. Pasipo na mteremko huo, kuweka karatasi mpya juu ya dimbwi lilelile ni kupoteza pesa. Sawazisheni mteremko kwanza, wekeni pembe ya saruji ya sentimita 5 kwa 5 pale ukuta unapokutana na paa ili karatasi isikunjwe kwa pembe kali, ndipo karatasi zije.

Kuacha hali hii kwa miaka kadhaa kuna gharama zaidi ya rangi ya dari. Maji yakifika kwenye nondo, hasa huku pwani penye chumvi hewani, nondo inashika kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, inasukuma zege kutoka ndani, na vipande vinaanza kudondoka chini ya slabu. Hapo si kazi yetu tena, ni ya mhandisi.

Wapangaji nao wana sehemu yao. Fundi wa dishi au wa kiyoyozi anayetoboa boliti kupitia karatasi, au kukiachia kiyoyozi kidondoshe maji mahali pamoja mchana kutwa, anamaliza ungio zima kuliko mvua. Miguu ya mitambo ikae juu ya matofali ya zege yaliyotandikiwa kipande cha karatasi ileile, na maji ya viyoyozi yaelekezwe kwa bomba hadi kwenye mdomo wa kutolea maji. Ufunguo wa paa ukae kwa mtu mmoja, na kila anayepanda aandikwe jina na alichokwenda kufanya.

Mkataba uandike mambo yanayopimika: idadi ya roli, upana wa mpishano wa ubavuni na wa ncha, urefu wa kupanda ukutani, na jaribio la maji kabla ya malipo ya mwisho. Jaribio ni kuziba midomo, kujaza maji ya kina cha sentimita 2.5 hadi 5, na kuyaacha saa 24 huku dari za chini zikitazamwa. Maji ya sentimita 5 ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, tani 20 kwa paa la mita 400. Mhandisi aulizwe kwanza kama slabu inabeba, na paa kubwa ligawanywe sehemu kwa kuta ndogo za muda. Asilimia 10 ya malipo ibaki mkononi mwa mwenye jengo hadi vuli ipite. Fundi aliyepima maungio yake kwa bisibisi hana sababu ya kukataa sharti hilo, na roli 50 zikiagizwa Juni, kazi inaweza kukauka, kupimwa na kujaribiwa kabla mawingu ya Oktoba hayajaonekana baharini.

Wenu,
Mafundi wa kuzuia maji mapaani,
Ilala, Dar es Salaam